Mtoto uliyemwasili ana kwao

Wazazi wa hapa Kigoma waliomwasili mtoto kutoka Burundi, ng'ambo ya mpaka, huniambia jambo lilelile kwa namna mbalimbali: "Mrundi na Muha wana tofauti gani, dada? Kiha anasikia, ugali na dagaa anakula. Huyu ni wetu tu." Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, upande wa malezi ya kambo na kuasili, na ninaamini kwamba ukaribu huo ndio unaowapotezea watoto hawa asili yao. Familia ya Ulaya ikimwasili mtoto wa Kiafrika, ngozi peke yake inawakumbusha kila siku kwamba mtoto ametoka mahali pengine. Sisi hatuna cha kutukumbusha. Kirundi kinayeyuka ndani ya Kiha, Kiha ndani ya Kiswahili, na mtoto anafika darasa la tatu hajui hata kumwamkia bibi yake mzaa mama.

Kutunza asili hiyo ni haki ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 20 kwamba mtoto anapolelewa nje ya familia yake, kuasiliwa kukiwemo, asili yake ya kabila, dini, utamaduni na lugha izingatiwe ipasavyo. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Ikishatoka, maisha yanahamia jikoni, kitandani na njia ya kwenda shule, na huko hakuna afisa anayepita kukagua.

Nianze na jina, maana ndilo hubadilishwa kwanza. Kwa desturi ya Warundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, halirithiwi kutoka kwa baba kama la ukoo. Majina mengine yanabeba habari za familia nzima. Minani ni mtoto wa nane wa mama yake, Nyandwi ni wa saba. Bukuru na Butoyi ni mapacha, na anayezaliwa baada yao huitwa Ciza. Sasa mchukue Minani umwite Baraka, kwa nia njema kabisa, ili asichekwe shuleni. Umefuta habari kwamba kabla yake walizaliwa saba, na huenda wengine wako hai mahali fulani. Mwongezee jina la ukoo wenu, mpe na la dini mkipenda, lakini lile la Kirundi libaki kwenye cheti na mwendelee kumwita nalo nyumbani.

Chakula ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mama mmoja wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, mzaliwa wa Tanga aliyeletwa Kigoma na kazi, alikuwa na mtoto wa miaka mitano asiyegusa kisamvu. Anakiangalia, anasukuma sahani, analia. Mama akachukulia ni deko. Kisamvu chenyewe kilikuwa cha nazi, kizuri tu, kama walivyokipika kwao. Tukamwomba bibi mmoja mzaliwa wa Rumonge, Burundi, aje Jumamosi. Hakuuliza maswali mengi. Alikaa uani na kinu, akatwanga majani mpaka yakalainika kabisa, akayachemsha muda mrefu, akatia bilinganya na vitunguu, kisha akamimina mawese mpaka mboga ikabadilika rangi. Harufu ya mawese ilipopanda, mtoto alitoka ndani akaja kusimama karibu na sufuria. "Isombe," akasema, ndicho kisamvu kwa Kirundi. Bibi akamjibu kwa Kirundi, naye akaendelea kwa Kirundi, lugha ambayo mama yake hakuwahi kumsikia akiizungumza.

Nilichompendea mama yule ni alichokifanya baadaye. Hakukifanya chakula cha siku maalumu cha kupigia picha. Kisamvu cha mawese kiliingia kwenye zamu ya wiki, siku moja cha nazi, siku nyingine cha mawese, na watoto wa kuzaa wakakila pia. Baba alinuna kidogo, kisha akazoea. Hapo ndipo penyewe. Utamaduni wa mtoto ukiwa wake peke yake, unamtenga na wenzake mezani. Nyumba nzima ikiushiriki, anakuwa na haki ya kuwa alivyo.

Kwa sababu hiyo sivutiwi sana na wazazi wanaosubiri tarehe 1 Julai, siku ya uhuru wa Burundi, wamvalishe mtoto vazi la kwao na kumwonyesha video ya wapiga ngoma. Si vibaya. Ngoma hizo ni fahari ya kweli, UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Lakini siku moja kwa mwaka haimlei mtoto. Asubuhi mwambie "mwaramutse," jioni "mwiriwe," nawe mzazi uwe wa kwanza kusema. Muha halimshindi hili hata kidogo. Ukienda Kibirizi kununua samaki wa migebuka, nenda naye, simama kwa mama wa Kirundi, mwache mtoto aulize bei ya mukeke, maana ndivyo Warundi wanavyoiita migebuka. Usiku mwombe jirani anayezijua hadithi za Samandari, yule mjanja wao, amsimulie.

Shuleni kuna neno linaloumiza: "mkimbizi," likisemwa kama tusi. Wazazi wengi hulikimbia kwa kuficha, wanamwambia mtoto aseme ni Muha wa Kasulu. Siungi mkono. Siri ya namna hiyo humfundisha mtoto kwamba kwao ni aibu, na mtaani haikai muda mrefu. Nenda kwa mwalimu mapema, zungumza naye kabla jambo halijatokea. Na mtoto akiuliza kwa nini walikimbia, mwambie ukweli unaolingana na umri wake. Kwa waliokuja mwaka 2015 ukweli huo una mahali pa kuonyesha kwa kidole: watu walijaa Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani, wakavushwa na meli ya MV Liemba hadi bandarini hapa, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, ndipo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Mtoto anaweza kupelekwa kuuona uwanja ule. Ila chuki za wakubwa, nani alimfanyia nani, zisiingie kwenye masikio ya mtoto wa miaka saba.

Dini nayo ina uzito wake, hasa Ujiji, ambako mtoto aliyebatizwa anaweza kuingia kwenye nyumba ya Waislamu, au kinyume chake. Ongeeni na ofisi ya ustawi kabla ya kubadilisha chochote, na msikilizeni mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza.

La mwisho ni daftari. Wazazi huogopa kuandika habari za kwao mtoto kwa hofu kwamba ndugu wakipatikana watamchukua. Mtoto kujua ndugu zake hakufuti amri ya mahakama, na ndugu wakitafutwa siku moja kupitia Msalaba Mwekundu, maelezo madogo ndiyo yatakayosaidia. Warundi hutambuana kwa kilima alikozaliwa mtu, kisha komine, yaani eneo la utawala lililo chini ya mkoa, kisha mkoa. Mtoto wa miaka mitano bado anakumbuka jina la kilima chao, jina alilomwita bibi yake, ng'ombe waliokuwa nao, kanisa lililokuwa karibu. Akifika kumi, mengi yatakuwa yametoka. Muulize sasa, kidogo kidogo, mkiwa mnachambua maharage au mnaanika nguo. Usisahihishe matamshi yake. Liandike jina kama anavyolitamka, na tarehe pembeni.