Kingston tunayoijua kwa nyimbo na Kingston inayopanda Probox

Hakuna jiji la Karibi tunalodhani tunalifahamu kama Kingston. Sura ya Bob Marley imechorwa kwenye matatu za Nairobi na bajaji za Dar es Salaam, bangili za nyekundu, njano na kijani zinauzwa kila soko la pwani, na kijana ambaye hajawahi kuvuka mpaka anaweza kukutajia Trench Town kama mtaa wa jirani. Ndiyo maana msafiri wa kwetu anayeenda huko na begi lake mgongoni hufika na mzigo wa pili, wa mambo anayoyaamini. Mengine ni ya kuchekesha tu. Mengine yatamharibia safari.

“Kila mtu Rasta, na bangi ni ruksa”

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linaloleta taabu. Katika sensa ya 2011, waliojitaja kuwa Warastafari walikuwa takriban asilimia 1 ya watu wa Jamaika. Wasabato peke yao walikuwa takriban asilimia 12, na Wapentekoste hawakuwa mbali nyuma yao. Kwa hiyo mtu anayetoka nje Jumamosi asubuhi akitarajia moshi na Nyabinghi, ngoma za ibada ya Kirasta, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupishana na akina mama waliovaa kofia za kanisani, Biblia kwapani.

Haina maana kwamba Marasta ni wa pembeni. Muziki, chakula na misemo ya kisiwa kile vimebeba alama yao, na tarehe 21 Aprili, siku Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia wanayemtukuza, alipotua Kingston mwaka 1966 na umati ukavamia uwanja wa ndege, bado wanaiadhimisha. Lakini wamewahi kuonewa vibaya na dola. Baada ya vurugu za Coral Gardens mwaka 1963 walikamatwa na kupigwa, na serikali ilikuja kuomba radhi mwaka 2017. Mgeni anayevaa kofia yenye rasta za bandia ili apigwe picha afikirie hilo kidogo.

Kuhusu bangi, sheria ilibadilishwa mwaka 2015, na watu wengi walisikia nusu ya habari. Kukutwa na aunsi 2 au pungufu, yaani kama gramu 56, hakukufikishi tena mahakamani kama mhalifu. Unaandikiwa faini ya dola 500 za Jamaika. Faini maana yake ni kwamba bado ni kosa. Kuvuta hadharani hakuruhusiwi. Marasta wana nafasi yao kwa ajili ya ibada, wagonjwa wana utaratibu wao, na kuna maduka yenye leseni. Kuipeleka uwanja wa ndege ni kujitafutia jela, hata kama ni kipande kilichosahaulika mfukoni.

“Chakula cha mtaani ni jerk, basi”

Jerk, nyama ya viungo vikali iliyochomwa kwa moshi, ni ya Jamaika kweli, ila Kingston si nyumbani kwake. Asili yake ni kwa Maroon, watumwa waliotoroka mashambani wakaishi milimani, wakichoma nguruwe mwitu kwa moto wa polepole. Anayejua atakuelekeza Boston Bay, huko Portland, pwani ya kaskazini-mashariki, ambako nyama hulazwa juu ya vijiti vya mti wa pimento na moshi wa mti huohuo ndio unaoipa ladha.

Kinachonukia barabarani Kingston usiku wa Ijumaa na Jumamosi, hasa Red Hills Road, ni pan chicken. Pipa la mafuta limepasuliwa katikati kwa urefu, likawekwa miguu na mfuniko, mkaa chini, kuku aliyekolezwa viungo juu. Anakatwakatwa mbele yako kwa kisu kizito, anafungwa kwenye karatasi ya foili pamoja na vipande vya mkate mweupe, kisha anamwagiwa ketchup na mchuzi wa pilipili. Pilipili yenyewe, Scotch bonnet, ni ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi, kwa hiyo usijidai kwamba umetoka pwani. Wageni wanamwita kuku huyo jerk, na muuzaji mwenye foleni ndefu hana muda wa kubishana nao. Kwa maoni yangu hakuna chakula bora zaidi cha saa saba usiku popote katika Karibi, na wanaokula jerk hotelini tu wamepunjwa.

Mchana ni zamu ya patty. Ni kitu kama sambusa kubwa ya nusu duara, ila imeokwa badala ya kukaangwa: ganda la rangi ya manjano, ndani nyama ya kusaga yenye pilipili na bizari. Namna ya kufunga chakula kwenye unga uliookwa ilitoka Uingereza, viungo vikaletwa na Wahindi, waliofika kwa mara ya kwanza Old Harbour Bay mwaka 1845 kufanya kazi za mkataba mashambani baada ya utumwa kukomeshwa. Mwanafunzi na fundi ujenzi wote huila ikiwa imechomekwa ndani ya coco bread, mkate laini uliokunjwa ambao mara nyingi hauna hata tone la nazi. Unga ndani ya unga. Ukishakula hiyo saa sita mchana, utaikumbuka njaa jioni.

“Kwao kila kitu ni kigeni”

Dhana hii inawashika hata waliosafiri sana, na inanishangaza kwamba watu wa kwetu hawaisahihishi wakirudi. Callaloo ya Jamaika, inayokaangwa na kitunguu asubuhi, ni mchicha. Chakula cha Jumapili kinachoitwa rice and peas ni wali wa nazi uliopikwa pamoja na maharage mekundu, na Krismasi ikifika maharage yanaipisha mbaazi. Shelisheli linachomwa mzima juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi. Lilipelekwa huko mwaka 1793 na nahodha William Bligh, ili mabwana mashamba wapate chakula rahisi cha kuwapa watumwa. Kuna madafu kando ya barabara, kuna muwa uliomenywa, kuna uji wa unga wa mahindi na uji wa karanga kwa wanaowahi kazini. Kuna hata turn cornmeal, unga wa mahindi uliosongwa kwa tui la nazi na viungo, ambao msonga ugali yeyote ataukubali baada ya kunung’unika kidogo. Na ile mannish water inayouzwa kwenye sherehe na madansi ni supu ya mbuzi ya kichwa, miguu na utumbo, iliyotiwa ndizi mbichi, na wanaume wanaisifia kwa sababu zilezile wanazozitaja wanywaji wa supu ya pweza Forodhani.

Kigeni hasa ni akii, tunda la mti uliotoka Afrika Magharibi katika karne ya 18. Likipikwa na samaki wa chumvi ndicho chakula cha taifa, na kwa macho utadhani ni mayai ya kuvuruga. Lisipoiva ni sumu. Sharti lipasuke lenyewe likiwa mtini, kwa hiyo usichume kwenye ua wa nyumba ya wageni kwa udadisi.

Wengine huogopa tumbo. Wauzaji wa chakula wanatakiwa kisheria wawe na kibali cha afya, na maji ya bomba ya Kingston yametiwa dawa na watu wanayanywa. Kanuni ya foleni inatosha: palipo na foleni, chakula hakilali.

“Bila kukodi teksi huendi popote”

Hii inaenezwa na madereva wa uwanja wa ndege, na siwalaumu. Uwanja wa Norman Manley uko kwenye ulimi mwembamba wa ardhi unaoitwa Palisadoes, na basi la umma namba 98 hupita hapo kati ya Port Royal na katikati ya mji. Mabasi ya JUTC, kampuni ya umma iliyoanza mwaka 1998, ni makubwa na ya rangi ya njano. Moyo wa usafiri wote ni Half Way Tree, ambako kituo kikubwa kilifunguliwa mwaka 2008. Ukipotea, uliza njia ya kurudi pale na utaanza upya.

Lakini anayetaka kuiona Kingston apande teksi za njia. Ni magari madogo yanayofuata njia moja na kujaza abiria wa kuchangia, na mengi ni Toyota Probox, lile lile linalopakia miraa na watu Kenya. Watu wanne nyuma ni jambo la kawaida. Mabasi madogo ni Coaster. Magari yanakwenda upande wa kushoto, wapiga debe wanaita abiria kwa sauti ya kukausha koo, muziki uko juu. Msafiri kutoka Ulaya huandika kurasa tatu kuhusu wazimu wa usafiri ule. Wewe utalala mpaka kituoni.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni namba za gari: teksi yenye leseni ina kibati chekundu, na ile isiyo nacho ni “robot”, haina bima ya kukulipa ukiumia. Wa pili unawanasa hata wajanja. Ukiingia kwenye gari tupu na dereva akaona begi lako kubwa, anaweza kuhesabu kwamba umelikodi lote, na nauli ikawa mara kadhaa ya kawaida. Sema mapema kwamba unachangia na wenzako, kisha subiri lijae.

Kwa milima, shuka Papine, mashariki mwa jiji. Hapo ndipo magari ya kwenda Gordon Town na Mavis Bank hupakia, na kutoka Mavis Bank watu hupanda kuelekea kilele cha Blue Mountain, mita 2,256. Ni kidogo sana kwa aliyezoea kutaja Kilimanjaro, lakini kahawa njiani inafidia.

Vitu vidogo vinavyoudhi

Bei zenye alama ya dola ni dola za Jamaika, ambazo huenda kama 160 kwa dola moja ya Marekani. Anayelipa kwa noti za Marekani hupigwa kwenye mahesabu. Kingston si jiji la ufukwe: hakuna anayekushauri uogelee bandarini. Wenyeji huenda ufukwe wa Hellshire, upande wa mji jirani wa Portmore, kula samaki wa kukaanga na bammy, mkate bapa wa muhogo, au huchukua boti kutoka Port Royal hadi kisiwa kidogo cha Lime Cay. Na nguo za mabaka ya kijeshi zimekatazwa kwa raia, kama ilivyo kwetu. Hilo linahusu suruali, kofia na begi pia.

“Ukitoka nje usiku utauawa”, au “Hamna shida, yote ni amani na upendo”

Zote mbili ni za uvivu. Jamaika imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Mwaka 2023 yalikaribia 1,400. Mwaka 2024 yalishuka, ingawa bado yalizidi 1,100. Sehemu kubwa inatokana na magenge na visasi ndani ya mitaa inayojulikana, na mpaka kati ya mtaa salama na mtaa usio salama unaweza kuwa barabara moja tu. Ramani haikuonyeshi hilo. Mwenye nyumba unakofikia atakuonyesha, na jibu la wiki hii linaweza kutofautiana na la wiki iliyopita. Trench Town unaweza kwenda, ila nenda na mwenyeji wa pale.

“Usiku wa Kingston ni reggae, Ijumaa na Jumamosi”

Reggae iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018, na Kingston yenyewe ikatajwa kuwa jiji la muziki mwaka 2015. Hata hivyo kinachotikisa mitaa usiku ni dancehall, na anayetafuta nyimbo za Marley atazisikia zaidi kwenye jumba lake la makumbusho, 56 Hope Road. Wajamaika pia wanapenda nyimbo za country za Marekani kwa moyo wote. Wakenya watawaelewa.

Siku nazo ni tofauti na tunavyodhani. Madansi ya mtaani yaliyojijengea jina yamekuwa katikati ya wiki: Uptown Mondays pale Half Way Tree, na Weddy Weddy Wednesdays kwenye makao ya Stone Love, kikosi cha mitambo kilichoanzishwa na Winston “Wee Pow” Powell mwaka 1972. Jumapili kuna Dub Club juu kwenye vilima vya jiji, taa zote za Kingston zikiwa chini yako, na kuna Rae Town, ambako wazee waliovalia vizuri hucheza nyimbo za ujana wao barabarani. Ukinipa usiku mmoja tu, nachagua Rae Town.

Kinachoitwa sound system si diski tu. Ni minara ya spika, mchagua nyimbo, mtu wa kipaza sauti na jina la kutetea. Clive Campbell alizaliwa Kingston mwaka 1955, akakua akiisikia, akahamia New York mwaka 1967, na tarehe 11 Agosti 1973 akapiga muziki kwenye sherehe ya Bronx ambayo wengi wanaihesabu kuwa chimbuko la hip hop. Dunia inamjua kama DJ Kool Herc.

Ukifika saa nne usiku utawakuta wauza karanga na mafundi wa nyaya. Wacheza dansi wanaojulikana huja baada ya saa sita, wengine saa nane, kwa sababu hakuna anayevaa vile ili aonwe na kiwanja kitupu. Sheria ya kelele ya 1997 iliweka kwamba muziki uzimwe saa sita usiku siku za kazi, na saa nane usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Polisi wakiamua kuitekeleza, dansi hufungwa katikati ya wimbo na umati mzima hutafuta usafiri kwa pamoja, wakati teksi za njia zimeshakuwa chache. Kubaliana mapema na dereva mwenye kibati chekundu aje akuchukue, na umwambie jina la mtaa, maana geti lenyewe litakuwa limezibwa na pipa la kuku.