Fursa sawa za ajira: maana yake ndani ya maktaba kubwa ya umma

Chini kabisa ya tangazo la kazi la taasisi ya umma nchini Marekani, baada ya sifa za mwombaji na tarehe ya mwisho, huwa kuna sentensi moja kavu inayosema kwamba taasisi hii ni mwajiri wa fursa sawa. Wengi huiruka. Wanaoisoma huielewa kwa namna mbili zinazopingana: wapo wanaodhani ni ahadi kwamba kila kundi litapewa mgawo wake wa nafasi, na wapo wanaoiona kuwa maneno ya kupamba karatasi tu.

Si mgawo. Fursa sawa za ajira maana yake ni kwamba rangi ya mtu, jinsi yake, dini yake, asili ya taifa lake, umri au ulemavu wake haviruhusiwi kuwa sababu ya kumnyima kazi, mafunzo, cheo au mshahara, wala sababu ya kumfukuza. Kinachopimwa ni uwezo wake wa kuifanya kazi inayotangazwa. Neno lenye uzito hapo ni “fursa”. Hakuna anayeahidiwa kazi. Anaahidiwa kupimwa kwa kipimo kilekile wanachopimiwa wenzake, na kipimo chenyewe kiwe kinahusiana na kazi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na maktaba ni mahali pazuri pa kuona kwa nini.

Mtu akisikia “mfanyakazi wa maktaba” humfikiria mtu mmoja aliyekaa kaunta akiazimisha vitabu. Katika maktaba kubwa ya jiji, yenye jengo kuu na matawi kadhaa, huyo ni mmoja kati ya aina nyingi za watumishi. Kuna wakutubi wenye shahada wanaochagua vitabu vya kununua, wanaoviainisha na kuviorodhesha, wanaojibu maswali ya wasomaji na kuendesha vipindi vya watoto. Kuna wasaidizi wa maktaba, ambao ndio hasa msomaji hukutana nao. Kuna vijana wa saa chache kwa wiki wanaorudisha vitabu kwenye rafu. Halafu walinzi, wasafishaji, madereva wa magari yanayozungusha vitabu kati ya matawi, mafundi wa kompyuta, wahasibu. Orodha ya nafasi hizi zote, idadi yake na ngazi zake, ndiyo ikama. Ukitaka kujua kama fursa ni sawa, isome ikama kwa kwenda juu: nani wako ngazi ya chini, nani wako ya kati, na kuna njia gani ya kutoka hapa kwenda pale.

Maktaba ya Enoch Pratt huko Baltimore, Maryland, inaonyesha jambo hili vizuri kuliko kanuni yoyote. Pratt alikuwa mfanyabiashara aliyetoa zaidi ya dola milioni 1 kuianzisha mwaka 1882, akitaka iwe ya wote, matajiri kwa maskini, bila kujali rangi. Ilifunguliwa mwaka 1886, na Wamarekani Weusi waliingia kusoma na kuazima. Kusoma, lakini si kufanya kazi ya ukutubi. Maktaba ilikuwa na darasa lake la kuwaandaa wasaidizi, na darasa hilo ndilo lililokuwa njia ya kawaida ya kuingia kazini. Mwaka 1943 mwalimu mmoja Mweusi wa jiji hilohilo aliomba kujiunga nalo. Alikataliwa. Wadhamini, yaani bodi inayoisimamia maktaba, walikuwa wameshaamua kwamba Weusi wangeajiriwa tu katika tawi ambalo wasomaji wake karibu wote ni Weusi, na tawi la namna hiyo lilikuwa moja. Sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba umma ungelalamika na ari ya wafanyakazi ingeshuka.

Angalia sababu hiyo vizuri, kwa kuwa haijafa. Hawakusema kwamba mwalimu yule hana uwezo. Walisema watu wengine hawatapenda. Leo sheria ya Marekani haikubali kisingizio cha “wateja wetu hawatafurahi” kuhusu rangi ya mfanyakazi, lakini wakati ule ilibidi kesi ifike mahakamani.

Maktaba ilijitetea kwamba ni shirika binafsi lenye wadhamini wake, kwa hiyo Katiba, inayoibana serikali, haiihusu. Mahakama ya mwanzo ilikubali. Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nne, mahakama ya shirikisho ya eneo lile, ilikataa mwaka 1945. Ilitazama nani analipa gharama za uendeshaji na majengo ni mali ya nani, ikaona ni jiji. Kwa hiyo maktaba ilikuwa mkono wa serikali, na Marekebisho ya 14 ya Katiba hayairuhusu serikali kumbagua raia. Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kuisikiliza rufani ya maktaba mwaka huohuo.

Ugomvi haukuwa juu ya kazi yenyewe. Ulikuwa juu ya darasa. Ndiyo maana nimeyataja mafunzo tangu mwanzo pamoja na kazi na mshahara: mwajiri anaweza kuuacha mlango wa ajira wazi kabisa akaufunga ule unaoutangulia, kisha akasema kwa uso mkavu kwamba hajapata waombaji wenye sifa.

Sheria kuu ya leo, Sheria ya Haki za Kiraia, ilitiwa saini Julai 1964, na sehemu yake ya saba ndiyo inayohusu ajira. Ilianza kutumika mwaka uliofuata, pamoja na Tume ya Fursa Sawa za Ajira inayopokea malalamiko. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hapo mwanzo ilizibana kampuni binafsi na vyama vya wafanyakazi, si serikali za majimbo na majiji. Kwa hiyo maktaba nyingi za umma zilibaki nje ya sehemu hiyo hadi Bunge lilipoirekebisha mwaka 1972. Siku hizi inamhusu mwajiri yeyote mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, na maktaba ya jiji kubwa inavuka idadi hiyo kabla ya saa nne asubuhi.

Ubaguzi wa Baltimore ulikuwa wa wazi, wenye kumbukumbu za kikao. Kuna wa pili usio na adui wa kumnyooshea kidole. Mwaka 1971 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, kampuni ya umeme ya North Carolina. Kampuni hiyo ilidai cheti cha sekondari kwa nafasi nzuri, na siku ileile sheria ilipoanza kutumika ikaongeza mitihani miwili ya uwezo wa akili. Weusi wengi walikwama, kwa kuwa walikuwa wamesomeshwa katika shule duni zilizotengwa kwa ajili yao. Majaji wote walioisikiliza walikubaliana: sharti linalowaengua watu wa kundi moja kuliko wengine haliruhusiwi, hata kama aliyeliweka hakuwa na nia mbaya, ikiwa mwajiri hawezi kuonyesha kwamba linahusiana na kufanya kazi ile. Jaji Mkuu Warren Burger alitumia hata ngano ya mbweha na korongo: maziwa yanaandaliwa kwa wote wawili, lakini ndani ya chombo ambacho mmoja hawezi kunywea. Sheria, alisema, inataka chombo kiwe kile ambacho wote wanaweza kukitumia.

Kuna hesabu inayosaidia kuutambua ubaguzi wa namna hii. Mwongozo wa serikali ya shirikisho wa mwaka 1978 huiita kanuni ya nne kwa tano. Tuseme maktaba inatoa mtihani kwa waombaji wa kazi ya usaidizi. Weupe 120 wanafanya, 60 wanafaulu. Hiyo ni asilimia 50. Weusi 80 wanafanya, 24 wanafaulu, asilimia 30. Gawa 30 kwa 50, unapata asilimia 60. Ikishuka chini ya 80, taa nyekundu inawaka. Taa si hukumu. Ni swali linaloelekezwa kwa mwajiri: huu mtihani unapima nini ambacho msaidizi wa maktaba anakihitaji kweli?

Sasa tuje kwenye sharti linalowauma wengi, shahada ya uzamili. Tangu katikati ya karne ya 20, kuitwa mkutubi katika maktaba kubwa za Marekani kumehitaji, kwa kawaida, shahada ya uzamili ya ukutubi kutoka chuo kilichoidhinishwa na Chama cha Maktaba cha Marekani. Kwa hiyo ikama ina ngazi mbili zisizokutana. Msaidizi anaweza kukaa kaunta miaka 20, akajua kila rafu na kila mzee anayekuja kusoma gazeti, akafika juu kabisa ya ngazi yake na kukwama hapo. Juu ya kichwa chake ndipo inapoanzia ngazi ya pili, na tiketi yake inauzwa chuoni.

Je, sharti hilo ni halali? Lilifikishwa mahakamani. Mwombaji mmoja aliyekosa nafasi katika maktaba ya chuo kikuu cha umma huko Mississippi kwa kutokuwa na shahada hiyo alidai kuwa amebaguliwa, na Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano ikasema mwaka 1985 kwamba kuitaka shahada hiyo kwa kazi ya kitaalamu ya ukutubi ni sharti linalohusiana na kazi. Mimi sioni kosa katika uamuzi huo. Kuainisha mkusanyiko wa vitabu milioni si kazi ya kubahatisha. Shida ninayoiona ni jinsi sharti linavyotambaa: nafasi ya kuratibu vipindi vya vijana, au kusimamia tawi dogo, inaandikiwa “uzamili lazima” kwa sababu tu tangazo la miaka 10 iliyopita liliandikwa hivyo. Mahakama haikusema kila kiti ndani ya maktaba kinahitaji shahada ile. Maktaba zinazoichukulia fursa sawa kwa uzito huirudia ikama kiti kwa kiti, na baadhi huwalipia wasaidizi wao karo ili wapande ngazi ya pili wakiwa bado kazini. Hilo ni darasa la Baltimore tena, safari hii mlango ukiwa wazi.

Masharti madogo huleta mzozo uleule. Leseni ya udereva kwa mtu ambaye hataendesha gari lolote la maktaba? Kuinua pauni 50 kwa mtu wa kuorodhesha vitabu anayekaa mezani kutwa? Hapa inaingia Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, inayotenganisha majukumu ya msingi na yale yasiyo ya msingi. Kama kusukuma kigari cha vitabu ni jambo la mara moja kwa mwezi ambalo mwenzake anaweza kulifanya, haliwezi kumnyima kazi mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Na mwajiri anadaiwa kufanya marekebisho ya mazingira ya kazi pale inapowezekana bila kuelemewa mno: meza inayopandishwa, programu inayosoma maandishi kwa sauti kwa mtumishi asiyeona, ratiba inayompa mgonjwa nafasi ya kwenda kliniki. Umri nao una sheria yake ya mwaka 1967, inayowalinda walio na miaka 40 na kuendelea. Tangazo linalotafuta “kijana mchangamfu” kwa ajili ya idara ya watoto linajitafutia kesi.

Lugha ni mfano unaowachanganya watu. Tawi lililo katika mtaa wa wasemaji wa Kihispania linaweza kudai mkutubi ajue Kihispania, maana kazi inakitaka. Haliwezi kudai awe na asili ya Meksiko. Mzaliwa wa Ohio aliyejifunza Kihispania shuleni na kukimudu ana haki ileile ya kuitwa kwenye usaili.

Kuhusu wanawake, ukutubi una kichekesho chake. Shule ya kwanza ya ukutubi Marekani, iliyofunguliwa na Melvil Dewey katika chuo cha Columbia mwaka 1887, ilianza na wanafunzi 20, na 17 kati yao walikuwa wanawake. Tangu hapo fani hii imekuwa ya wanawake kwa wingi wao. Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1800, haikuwa na mwanamke aliyethibitishwa kuwa mkuu wake hadi mwaka 2016, alipoapishwa Carla Hayden, ambaye pia alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo. Alitokea Baltimore, kwenye maktaba ileile ya Enoch Pratt, aliyoiongoza tangu mwaka 1993. Idadi kubwa ya wanawake kazini, basi, haikuambii chochote kuhusu nani yuko juu.

Anayeamini kwamba amenyimwa haki yake hupeleka lalamiko Tume ndani ya siku 180 tangu tukio, au 300 pale jimbo au jiji linapokuwa na chombo chake cha kushughulikia ubaguzi wa aina hiyo. Kwa kesi nyingi hatua hiyo ni ya lazima kabla ya kwenda mahakamani. Kumwadhibu mtumishi kwa sababu amelalamika ni kosa linalojitegemea, hata kama lalamiko lenyewe litashindwa. Msaidizi anayehamishiwa zamu za usiku wiki moja baada ya kuandika barua anaweza kupoteza kesi ya kwanza na kushinda ya pili. Serikali ya jiji nayo, pamoja na maktaba yake, inatakiwa kutunza kumbukumbu za ajira, yaani fomu za maombi, karatasi za usaili na sababu za kumpandisha huyu badala ya yule, kwa miaka 2. Lalamiko likishafikishwa, zile zinazolihusu hazitupwi hadi liishe.