Espreso nyumbani Tanga: kisagio kwanza, mashine baadaye

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni aliniita nyumbani kwake nimwangalizie mashine ya espreso aliyoletewa na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Baada ya kumwamkia na kukaribishwa jikoni, alinisogezea kikombe akasema, "Mwanangu, tazama mwenyewe. Hii si kahawa, haya ni maji yaliyosuuzia kikombe." Nilimwomba atengeneze kingine mbele yangu, nami nikahesabu: tangu alipobonyeza kitufe hadi kikombe kilipojaa zilipita sekunde 9. Mashine ilikuwa nzima kabisa, pampu inasukuma na joto linapanda inavyostahili. Kilichokosekana ni kisagio, kwa sababu kahawa aliyoitumia ilikuwa unga wa pakiti uliosagwa kwa ajili ya kuchemshwa katika sufuria.

Nimeandaa kahawa hotelini na mikahawani kwa miaka 12, na sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufundisha watu majumbani mwao. Ushauri ninaoutoa kabla ya mwingine wowote ni kwamba mwenye fedha kidogo anunue kisagio kizuri na mashine ya kawaida, wala asifanye kinyume chake.

Ili kuielewa sababu yake, itazame kwanza kahawa ya dele tuliyokua tukiiona. Muuza kahawa wa Ngamiani hukaanga buni mpaka ikaiva sana, akaitwanga au kuisaga, kisha akaiacha ichemke juu ya mkaa kwa muda mrefu kabla ya kuimimina katika vile vikombe vidogo na kuisindikiza kwa kashata. Hapo kazi ya kuitoa ladha katika unga hufanywa na muda, na kwa kuwa muda ni mwingi, haidhuru sana chembe zikiwa kubwa na ndogo kwa pamoja. Espreso haina nafasi hiyo. Maji yenye joto la nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi husukumwa kwa shinikizo la baa 9, yaani takribani mara 9 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, yakapenya katika tabaka jembamba la unga lililoshindiliwa, na kazi yote ikaisha ndani ya nusu dakika. Kitu kinachoyazuia maji hayo ni unga wenyewe. Chembe zikiwa kubwa, maji hupita mbio bila kuchukua chochote cha maana, kama yalivyofanya jikoni kwa mwalimu. Zikiwa ndogo kupita kiasi, maji hukwama na kahawa hudondoka tone moja moja, nyeusi na chungu.

Shinikizo hilo halikupatikana kwa siku moja. Angelo Moriondo wa Turin alipewa hataza ya mashine yake ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akafuata mwaka 1901, lakini mvuke peke yake ulikuwa na nguvu ndogo. Ni katika miaka ya 1940 ambapo Achille Gaggia alitumia mkono wa chuma na springi kuyasukuma maji kwa nguvu kubwa zaidi, na hapo ndipo lile povu la hudhurungi tunaloliita krema lilipoonekana juu ya kikombe. Pampu ya umeme ilipata umaarufu kwa mashine ya Faema E61 ya mwaka 1961, na mashine ndogo za nyumbani za leo hutumia pampu pia.

Blenda yenye visu haifai kwa kazi hii, hata ikisaga kwa muda gani. Kisu hukata ovyo, kikaacha vumbi na vipande vikubwa katika chombo kimoja. Vumbi hutoa uchungu, vipande hutoa uchachu, na kikombe kimoja kikawa na kasoro zote mbili. Kinachotakiwa ni kisagio cha meno, yawe ya bapa au ya umbo la pia, ambacho hupitisha buni katika nafasi moja isiyobadilika na ambacho nafasi yake huweza kupunguzwa au kuongezwa kidogo kidogo. Kisagio cha mkono chenye meno ya chuma kinatosha kabisa kwa nyumba inayokunywa vikombe viwili vitatu kwa siku.

Baada ya kisagio, nunua mizani ndogo inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu, kwa maana kijiko hakiaminiki. Kwa kikapu cha vikombe viwili, yaani kile kichujio cha chuma kinachobeba unga, mimi huanza na gramu 18 za unga, nikakusudia kupata gramu 36 za kahawa kikombeni ndani ya sekunde 25 hadi 30. Uzito huo wa kuingia na wa kutoka uushike bila kuubadilisha, ubadilishe msago peke yake mpaka muda ukae sawa, kisha ndipo uonje. Ikiwa kahawa ni chachu, nyepesi na inaacha ulimi kama umelamba ukwaju, saga laini zaidi. Ikiwa ni chungu na inakausha kinywa, legeza hatua moja. Wanafunzi wangu wengi huharibu hapa kwa kubadilisha mambo matatu kwa pamoja, wakapata kikombe kizuri wasijue kimetokana na nini, na kesho yake wakashindwa kukirudia.

Kushindilia unga kunaogopwa kuliko inavyostahili. Nguvu ya mkono haina uzito mkubwa ikiwa unga umebanwa mpaka haubonyei tena. Jambo la lazima ni usawa wake. Tandaza unga kwanza, uvunje mabonge kwa sindano nyembamba au kijiti cha meno, kisha shindilia wima bila kuegemea upande. Maji yenye shinikizo hutafuta mahali palipo dhaifu, na yakishapata upenyo yatapita hapo peke yake huku unga mwingine ukibaki haujaguswa. Vilevile iwashe mashine dakika 15 au 20 kabla, mpini wake wenye kikapu ukiwa umefungwa mahali pake, kwani chuma baridi hunyang'anya maji joto lake kabla hayajaifikia kahawa.

Hewa ya Tanga ina neno lake katika haya yote. Unga wa kahawa hunyonya unyevu upesi, na katika daftari langu asubuhi za masika huonekana kwa kahawa kutoka polepole zaidi kuliko za kiangazi kwa msago uleule, kwa hiyo hulegeza kidogo. Silazi buni ndani ya kisagio usiku. Huirudisha katika chombo kinachofungwa kwa kubana na kukiweka kabatini mbali na jiko. Jokofu linalofunguliwa kila saa si mahali pake, kwa sababu buni baridi ikitolewa katika hewa yetu yenye mvuke hutoka jasho.

Kuhusu buni yenyewe, tafuta pakiti iliyoandikwa tarehe ya kukaangwa. Kahawa iliyokaangwa jana bado imejaa hewa ya ukaa, nayo hutoa povu jingi lisilo na utulivu. Iache wiki moja hadi mbili, halafu uitumie ndani ya mwezi mmoja hivi baada ya hapo. Kadiri inavyozeeka ndivyo maji yanavyopita upesi, nawe utalazimika kusaga laini zaidi. Arabika ya Usambara au ya Kilimanjaro iliyokaangwa kiasi ina uchangamfu wa matunda ninaoupenda nikinywa kavu, lakini kwa kahawa ya maziwa huchanganya sehemu ndogo ya robusta ya Kagera, kwa sababu ina kafeini karibu maradufu, krema nzito na ukali usiomezwa na maziwa.

Maji ndiyo yanayoua mashine. Kila aliyewahi kuingia katika mapango ya Amboni ameona mawe yaliyoning'inia kutoka darini: yale ni chokaa iliyoyeyuka katika maji na kuachwa hapo tone baada ya tone. Jambo hilohilo hutokea ndani ya boila, yaani tangi la mashine linalochemsha maji, ila huko joto huliharakisha. Ukiona birika lako lina ukoko mweupe chini, ujue mashine nayo inajengeka ukoko huo mahali usipopaona, hadi vijia vyake vinazibika. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani ni jambo moja, na ya kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe karibu na bahari ni jambo jingine. Haya ya pili, hasa yakiwa na ladha ya chumvi, usiyaweke katika mashine kabisa, maana chumvi hutafuna hata chuma cha pua. Safisha ukoko kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa dawa ambayo kijitabu cha mashine kinairuhusu. Umeme ukiwa unapanda na kushuka mtaani kwako, tumia stabilaiza yenye uwezo unaozidi wati za mashine.

Sasa tuje kwenye maziwa, ambayo kwetu ni utajiri, kwa kuwa Tanga ni mji wa maziwa na yaliyopashwa kiwandani, kama ya Tanga Fresh, hupatikana karibu. Povu zuri ni hewa iliyogawanywa katika vipovu vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa kimefunikwa utando wa protini. Maziwa yaliyokaa juani, hata kama hayajachacha, mafuta yake huanza kuvunjika, na mafuta yaliyovunjika hupasua utando huo. Kwa hiyo yatoke jokofuni moja kwa moja, na jagi la chuma lijazwe kasoro kidogo ya nusu.

Toa kwanza maji yaliyomo katika mrija wa mvuke. Ingiza ncha yake chini kidogo ya uso wa maziwa, pembeni mwa jagi, ufungue mvuke wote; sauti iwe kama karatasi inayochanwa taratibu. Hatua hii ya kuingiza hewa haizidi sekunde chache na ikome kabla kiganja chako kilichoshika jagi hakijahisi joto. Halafu izamishe ncha kidogo ili maziwa yazunguke kama maji ya mtoni yanapojipinda, vipovu vikubwa vimezwe na kusagwa. Simamisha kwenye nyuzi 60 hadi 65, ambapo jagi linakuwa halishikiki tena kwa raha. Ukivuka 70, utamu hupotea, harufu ya maziwa yaliyochemka huja na povu hukauka. Kapuchino ya mililita 150 inataka povu nene la kadiri ya sentimita moja. Late yenye maziwa mengi zaidi inataka povu jembamba. Makiato ni kijiko kimoja tu juu ya espreso.

Kuna onyo ambalo sitaki lipite. Anayenunua maziwa mabichi kwa mfugaji asidhani kwamba mvuke unayasafisha, kwa kuwa nyuzi 63 huua vijidudu vikidumu dakika 30, ilhali sisi tunapasha kwa muda usiofika dakika moja. Yachemshe kwanza, yapoze usiku kucha jokofuni, uondoe utando, ndipo uyapige mvuke.

Watu wa Pwani hutaka tangawizi katika kahawa, na mwalimu wa Chumbageni hakuwa tofauti. Alikuwa amekamua tangawizi mbichi ndani ya jagi, maziwa yakagandamana mabonge chini ya mrija, naye akadhani yamechacha. Hayakuwa yamechacha. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na joto linalokipa nguvu zaidi ni lilelile tunalolitaka kwa povu. Ukiichemsha tangawizi katika maji peke yake kwa dakika chache, kimeng'enya hicho hufa na ladha hubaki. Kwa hiyo tulipika shira: kikombe cha sukari, kikombe cha maji, tangawizi iliyopondwa na hiliki punje nne, ikachemka dakika 10, tukaichuja na kuiweka katika chupa jokofuni. Vijiko viwili vyake hutangulia chini ya kikombe, espreso huteremkia juu yake, na maziwa humiminwa mwisho.