Amilcar: gari la mbio lililozaliwa na kodi

Amilcar ni kampuni ya Ufaransa iliyounda magari madogo ya mbio kuanzia 1921 hadi Vita vya Pili vya Dunia. Jina lilitokana na kuchanganya herufi za waanzilishi wawili, Joseph Lamy na Émile Akar.

Chanzo chake ni kodi. Baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya Ufaransa ilitoza kodi ndogo gari la viti viwili lisilozidi kilo 350, lenye injini isiyozidi cc 1,100. Waliokimbilia nafuu hiyo ni wengi, na baadhi yao waliunda vitu vya ajabu, nusu pikipiki nusu gari. Mhandisi Edmond Moyet yeye alichora gari kamili, ila dogo: modeli ya CC, silinda 4, cc 903. Ili lisizidi uzito, halikuwekewa hata difu, yaani gia inayoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti. Kwenye kona magurudumu mawili ya nyuma yalizunguka kwa mwendo mmoja, tairi la ndani likiburuzwa barabarani.

Wepesi huo ndio uliolipa kasi. Mwaka 1922 André Morel alishinda nalo mashindano ya kwanza ya Bol d'Or. Ikafuata CGS ya 1924, yenye breki magurudumu yote manne, kisha CGSS iliyolala chini zaidi. Kilele, kwa maoni yangu, ni C6: silinda 6 na supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ndani ya cc 1,100 zilezile. Lakini gari la aina hiyo hununuliwa na wachache, halilishi kiwanda.

Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki kwa ajali ya Amilcar mjini Nice mwaka 1927, mtandio wake uliponaswa na gurudumu la nyuma. Wengi husimulia kuwa ilikuwa Bugatti. Si kweli.

Nafuu ya kodi ilipoondolewa, na magari ya kawaida yaliyoundwa kwa wingi yakazidi kushuka bei, kampuni ikajaribu kupanda daraja kwa C8 ya silinda 8. Soko hilo lilikuwa na wenyewe, na mdororo wa uchumi ukabisha hodi. Mwaka 1937 kampuni ya magari ya Hotchkiss iliichukua, ikatoa modeli ya Compound iliyobuniwa na mhandisi Jean-Albert Grégoire: chesisi ya aloi nyepesi, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Vita vikasimamisha uundaji wake, na vilipokwisha Hotchkiss haikulifufua jina la Amilcar.