Kama umeponywa, njoo tupime

Jumanne iliyopita, kliniki ya presha na sukari, mama mmoja kutoka upande wa Newala aliketi mbele yangu, akafungua fundo la kanga alilofungia daftari, akasema kwa sauti ya chini kama yuko kwenye kitubio: "Nesi, mimi nilishapona. Nimekuja kwa sababu mtoto kanilazimisha." Mashine ilisoma 212 kwa 118. Alikuwa na miezi miwili hajagusa kidonge, tangu semina ya maombi iliyofanyika baada ya mnada wa korosho. (Semina hizi hupenda kutufikia msimu wa korosho, watu wakiwa na hela. Tuyaache hayo.)

Huyo ni wa nne mwezi huu. Mimi ni Mkristo, naimba sauti ya pili kwaya, na presha yangu mwenyewe ina mwaka wa 9 sasa. Kwa hiyo siandiki kama mtu wa nje anayecheka maombi. Nimechoka tu.

"Nimeombewa, nimepona, kwa hiyo nimeacha dawa"

Mungu anaponya, sibishani. Ninachobishana nacho ni hilo "kwa hiyo".

Presha kwa wengi haina dalili. Kichwa hakiumi, miguu haijavimba, mtu analima shamba lake kama kawaida, huku mishipa ya figo na ya ubongo ikiharibika kimyakimya. Kujisikia vizuri si kipimo. Halafu kuna jambo ambalo wahubiri wengi hawalijui: amlodipini, kidonge ambacho wengi wenu mnacho nyumbani, hukaa sana mwilini. Huchukua kati ya saa 30 na 50 nusu yake tu kutoka. Aliyeacha dawa Ijumaa, Jumapili anaposimama kutoa ushuhuda bado anabebwa na kidonge cha Alhamisi. Ukimpima siku hiyo presha imetulia, na kanisa zima linapiga vigelegele. Wiki ya tatu hakuna anayempima. Baada ya miezi analetwa kwa bodaboda, mdomo umepinda upande mmoja, na yule aliyemwombea ameshahamia mkoa mwingine.

ARV, dawa za VVU, zina mtego wake. Majibu ya wingi wa virusi yakirudi "havijaonekana", mtu anadhani vimekwisha. Havijaonekana kwa sababu dawa imevifubaza. Vimejificha, na ukiacha dawa, kwa wengi huibuka tena ndani ya wiki chache. Mwenye kifafa akikatisha fenobabito ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika. Na mtoto wa sukari aliye kwenye insulini hana hata huo muda wa wiki: siku chache tu anaanza kutapika, anahema kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yanayochacha. Mtoto huyo usimpeleke kwenye mkesha, mlete hospitali usiku huohuo. Mkesha tutaufanya wodini, mimi nitaimba.

Sasa someni Luka 17. Wakoma kumi wanamlilia Yesu kwa mbali. Anawaambiaje? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Walawi 14, kumkagua mwenye ukoma na kumtangaza kuwa safi ilikuwa kazi ya kuhani. Hiyo ndiyo ilikuwa kliniki ya siku zile. Bwana hakuona aibu muujiza wake ukaguliwe. Wewe unaiogopea nini mashine ya presha? Ombewa, pakwa mafuta, kisha njoo na daftari lako. Tutakupima leo, wiki ijayo na mwezi ujao, ukiwa bado unameza. Presha ikishuka kuliko inavyotakiwa, daktari atapunguza dozi, nami nitapiga kigelegele cha kwanza. Mzee mmoja hapa Masasi ameshapunguziwa mara mbili. Yeye anasema ni maombi. Mimi naona pia aliacha uraka, ile pombe ya mabibo, na jumuiya anakwenda kwa miguu. Hatujagombana.

Wapo wachungaji wanaolijua hili vizuri kuliko sisi. Mmoja huwaleta waumini wake mwenyewe kwa pikipiki, na huwauliza mbele yangu wamebakiza vidonge vingapi.

Niongeze ushauri wangu ninaoutoa mpaka wenzangu wananicheka: watu wengi hawasahau dawa kwa kukosa imani, wanasahau kwa kukosa saa. Kengele ya Malaika wa Bwana inalia saa kumi na mbili jioni kila siku ya Mungu. Ukimaliza kusali, meza. Za sukari zinazotaka chakula, subiri ule kwanza. Usiyesikia kengele, weka pakiti juu ya kitabu cha nyimbo ili usiweze kukifungua bila kuihamisha. Nimekaa na presha miaka 9 kwa mbinu hii, na dozi nilizoruka zinahesabika.

"Dawa ni ya wenye imani haba"

Kusini hii ndiko neno hili linaponikera kupita kiasi. Waliotuletea misa ndio waliotujengea wodi: Wabenediktini pale Ndanda na Nyangao, Waanglikana wa UMCA, ile Misheni ya Vyuo Vikuu, huku Masasi na Lulindi. Daktari Leader Stirling alikuja mwaka 1935 kama mmisionari, akatibu Lulindi na baadaye Mnero, hadi akawa waziri wa afya wa nchi hii kuanzia 1975 mpaka 1980. Bibi zetu walijifungulia mikononi mwa masista, wakatoka hapo wakaenda kubatiza. Imani haba iko wapi?

Na Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha Trofimo Mileto. Biblia inasema "hawezi", Kiswahili cha wazee, yaani mgonjwa. Naye Timotheo, Paulo alimwandikia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. (Kidogo, wapendwa. Mstari huo hauhusu uraka.) Mwiba wake Paulo mwenyewe aliuombea mara tatu, ukabaki palepale.

"Ugonjwa huu ni adhabu ya dhambi"

Yohana 9, wanafunzi waliuliza hivyohivyo juu ya kipofu, wakajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Mtoto wa selimundu amerithi kutoka kwa baba na mama, ambao huenda wote wawili hawakuwahi kuumwa. Ukimtembelea mama yake, kumbuka rafiki za Ayubu: siku saba walizokaa kimya walifanya vema. Waliharibu walipofungua midomo.

"Kwaresima lazima nifunge, sukari au si sukari"

Mkatoliki anadaiwa siku mbili tu za kufunga chakula, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tangu afikishe miaka 18 mpaka aingie mwaka wa 60, na mgonjwa hadaiwi. Aliye kwenye insulini au kidonge cha sukari cha glibenklamidi akishinda na njaa sukari hushuka, na tutamwokota kwenye Njia ya Msalaba kituo cha tano. Toa sadaka nyingine. Na usiniambie utaacha soda. Hiyo ulipaswa kuiacha zamani.

"Padri akija na mafuta, ndiyo basi"

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao. Familia bado zinamwita padri mgonjwa akiwa hajitambui. Mwiteni kabla ya upasuaji, aweze kujibu "Amina" kwa mdomo wake.

"Mkristo halalamiki"

Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata haleluya. Siku ambazo nimeviona vidonge nikachukia, husali hiyo.

Yule mama wa Newala tulimrudishia dawa, akakaa kwenye benchi mpaka tukampima tena. Akiwa anafunga kanga yake, aliniuliza kama itambidi asimame mbele ya kanisa aukane ushuhuda wake. Nilimwambia hapana, asimame mbele ya mashine yangu Jumanne.