Tanga hadi Arusha kwa Pikipiki: Mwendo Hupangwa na Chombo Kidogo

Nina miaka kumi na tisa nikitengeneza pikipiki hapa Ngamiani, Tanga, na kila inapokaribia safari ya kwenda kwenye mkusanyiko wa waendesha pikipiki huko Arusha, marafiki zangu huja karakana mmoja mmoja na swali lile lile: chombo changu kitafika? Mimi huwajibu kwamba karibu kila pikipiki iliyotunzwa hufika. Linalonikosesha usingizi ni kama tutafika pamoja, kwa sababu kutoka Tanga hadi Arusha ni takriban kilomita 430 za lami, na katika umbali huo pikipiki saba zenye nguvu tofauti, zinazoendeshwa na watu wenye subira tofauti, zinaweza kutawanyika kabla hata ya kuiona Korogwe.

Mwaka huu tulikuwa saba. Wawili walipanda pikipiki za injini ya sentimita za ujazo 150, zile zile tunazoziona kila kijiwe cha bodaboda. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na pikipiki ndefu ya porini. Rafiki yetu wa bandarini alikuwa na pikipiki kubwa ya sentimita za ujazo 1,200. Sisi wengine tulikuwa katikati. Katika kikao cha mwisho, rafiki wa bandarini alipendekeza kwamba wenye vyombo vikubwa watangulie na kuwasubiri wenzao Same. Nilikataa. Msafara unaogawanywa kwa nguvu za injini humwacha nyuma yule ambaye chombo chake kina uwezekano mkubwa zaidi wa kupata hitilafu, na humwacha bila fundi na bila mwenzake wa kumkinga asigongwe na lori akiwa amechuchumaa kando ya barabara.

Kwa hiyo mwendo wetu ulipangwa na pikipiki ndogo. Injini ya 150 inayopozwa kwa hewa inaweza kukimbia kilomita 90 kwa saa, lakini ikifanya hivyo kwa saa nzima ikiwa na mzigo huwa inafanya kazi karibu na kikomo chake, na lita moja ya oili iliyomo ndani yake ndiyo inayobeba joto lote hilo. Oili ikipata joto kupita kiasi huwa nyepesi, hupenya kwenye ringi za pistoni na kuungua, na mwendeshaji hajui lolote kwa sababu moshi unabaki nyuma yake. Ndiyo maana nilisema kilomita 75 kwa saa, na kwamba kila kituo cha pili tutapima oili, chombo kikiwa kimesimama wima na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache.

Katika mafuta, hata hivyo, hesabu iligeuka, na hapa wengi hushangaa. Pikipiki ya 150 yenye tangi la lita 11, ikienda kwa mwendo huo, hutumia lita moja kwa kilomita 40 au zaidi, kwa hiyo tangi moja linaweza kuifikisha mbali kuliko chombo chochote tulichokuwa nacho. Pikipiki kubwa ya rafiki yetu huenda kilomita 18 kwa lita, lakini tangi lake ni la lita 20. Aliyekuwa hatarini ni mwalimu, kwani pikipiki ya porini hutengenezwa iwe nyepesi na tangi lake ni la lita 9 tu. Kwa kilomita 25 kwa lita angekauka kabla ya kufika Same, ambako ni karibu kilomita 250 kutoka Tanga. Hivyo mwendo tuliupanga kwa pikipiki ndogo, na vituo vya mafuta tukavipanga kwa tangi dogo, na wote tulijaza Mombo hata wale ambao mishale yao ilikuwa bado juu. Msafara ambao kila mmoja hujaza kwa wakati wake husimama mara saba badala ya mara moja.

Sasa niseme juu ya maandalizi, na sitaeleza kila kitu, kwa sababu taa, breki na plagi kila fundi atakukagulia. Nitakaa kwenye mambo mawili ambayo sisi wa pwani tunayapuuza.

La kwanza ni chumvi. Pikipiki inayolala Raskazone au karibu na bandari hupigwa na hewa ya bahari usiku na mchana, na kutu haianzii mahali unapopaona. Huanzia pale spoku inapoingia kwenye rimu, kwenye vichwa vya betri, na ndani ya viungio vya nyaya chini ya tangi. Chombo kama hicho huzunguka mjini miaka mitatu bila kulalamika, kisha siku kinapotetemeka saa sita mfululizo, waya uliokuwa umeshikwa na uzi mmoja wa shaba hukatika, na pikipiki huzima ghafla katikati ya pori la mkonge. Wiki moja kabla ya safari nilifungua viungio vyote vya pikipiki saba, nikavisugua, nikavipaka grisi, na nikagonga kila spoku kwa bisibisi nikisikiliza mlio wake: spoku iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Katika gurudumu la nyuma la dereva wetu wa bodaboda nilikuta tano zilizolegea na moja iliyokwishakatika.

La pili ni mnyororo, ambao sisi mafundi tunauita cheni. Vijana wengi huupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, wakiamini kwamba mafuta ni mafuta. Oili hiyo ina chembe za chuma, na ikishaguswa na vumbi la barabarani hugeuka kuwa kitu kama tupa, ikisaga pini za cheni kwa kila mzunguko. Cheni iliyochoka utaijua hivi: ishike pale inapozunguka nyuma kabisa ya spoketi kubwa, yaani lile gurudumu la meno la nyuma, na uivute kuelekea kwako, ikinyanyuka hadi ukaliona nusu ya jino, imekwisha. Tazama pia meno yenyewe. Yakiwa yamelala upande mmoja na kuchongoka kama ya papa, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi sana. Na wakati wa kuipaka ni jioni ukishafika, ikiwa bado na joto, ili mafuta yaingie ndani ya viungo na kutulia usiku kucha. Ukiipaka asubuhi na kuondoka papo hapo, sehemu kubwa itarushwa kwenye rimu.

Tuliondoka alfajiri, baada ya sala na chai. Barabara ya Muheza ilikuwa tulivu, machungwa yakiwa yamepangwa mafungu kando yake, na pale Segera tulipinda kulia kuingia barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda kaskazini. Hapo ndipo mabasi na malori yanapoanza, na hapo ndipo mpangilio wa msafara unapopimwa.

Mpangilio wetu ulikuwa huu. Kiongozi alitangulia, wa pili alikuwa mwenye pikipiki dhaifu kuliko zote, ili kiongozi amwone kwenye kioo muda wote, wa mwisho nilikuwa mimi, nikiwa na vifaa, tyubu mbili na pampu. Tulikwenda kwa kupishana, mmoja upande wa kulia wa njia yetu na anayefuata upande wa kushoto, tukiachiana sekunde mbili. Kwa kilomita 75 kwa saa, sekunde mbili ni zaidi ya mita 40, na wanaoona kwamba huo ni umbali mkubwa mno wajue kwamba breki haifuati hesabu ya kujumlisha: ukipandisha mwendo kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Hatari ambayo wageni wa misafara hawaijui iko kwenye matuta. Karibu kila kijiji kuanzia Korogwe kwenda juu kina tuta, na wakati kiongozi amekwishalivuka na kurudi kwenye kilomita 75, wa saba bado yuko kwenye kilomita 20 kwa saa akisubiri zamu yake. Mwanya unafunguka mbele ya macho yake. Kama angehesabu sekunde angeona kwamba hajapoteza chochote, kwa kuwa sekunde kumi na mbili nyuma ya kiongozi kwa mwendo huo ni mita 250. Lakini jicho halihesabu sekunde, linaona wenzake wanakuwa wadogo, naye hufungua mafuta hadi kilomita 95 au 100 ili awafikie, palepale watoto wanapovuka kwenda shule. Hivi ndivyo kiongozi mpole anavyoweza kuwaua watu wa nyuma bila kujua. Dawa yake ni kwamba kiongozi akishavuka tuta abaki kwenye kilomita 50, ambazo ndizo sheria inazoruhusu kwenye makazi ya watu, mpaka aone taa yangu imevuka. Tulifanya hivyo kila kijiji, na nilimshukuru kiongozi wetu kwa subira yake, kwa sababu si rahisi.

Baada ya Mombo, milima ya Usambara ikabaki nyuma na ile ya Upare ikaanza upande wetu wa kulia. Karibu na Hedaru nilisikia mlio mkavu kutoka kwenye pikipiki ya nesi tuliyekuwa naye, mlio wa cheni inayolia kila gurudumu linapozama kwenye bonde dogo la lami. Nikawasha taa, tukasimama. Cheni ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze. Kosa lilikuwa langu. Niliikaza karakana pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi, nikaiachia nafasi ya sentimita mbili, lakini nesi alikuwa amefunga begi kubwa nyuma, na shokapu zinapobonyea kwa mzigo, ekseli ya nyuma husogea mbali na spoketi ya mbele, nayo ile nafasi huliwa yote. Cheni iliyokaza hivyo huvuta shafti ya giaboksi na kuua beringi yake, na beringi hiyo ikifa, injini nzima hufunguliwa. Nililegeza nati za ekseli, dada akakaa juu ya pikipiki na mzigo wake wote, nikapima upya mpaka cheni ikacheza sentimita mbili na nusu. Tangu siku hiyo sipimi cheni ya safari bila mwenyewe kuikalia.

Kati ya Makanya na Same kuna upepo. Uwanda ni mpana, miti ni michache, na upepo unakuja kutoka ubavuni kwa mafungu. Pikipiki hulala kuufuata, na mwendeshaji huiegemeza upande unakotoka. Hilo mtu huzoea baada ya kilomita chache. Asilolizoea ni lori. Lori linapokuja mbele yako huukata upepo kwa nukta moja, na wewe uliyekuwa umeegemea unajikuta unaanguka kuelekea pale ulipokuwa unaegemea. Likishapita, upepo unarudi kwa kishindo na kukusukuma upande wa pili. Niliwaambia wenzangu washike usukani kwa vidole vilivyolegea na wabane tangi kwa magoti, kwa sababu mikono iliyokakamaa huipeleka kila mshtuko kwenye gurudumu la mbele. Hapa pikipiki nyepesi ndizo zinazoteseka zaidi, na tulishuka hadi kilomita 60 kwa saa bila mtu kulalamika.

Same tulikula, tukajaza mafuta, na nikapitia nati zote. Kabla ya safari huwa ninachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe juu ya kila nati muhimu na chuma kinachoishikilia. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, na naiona kwa mtazamo mmoja bila kushika spana. Mbili zilikuwa zimetembea, zote kwenye bomba la moshi.

Tuliingia Arusha jua likiwa linazama, saba kama tulivyoondoka. Uwanja ulikuwa umekwishajaa mahema, moshi wa nyama na pikipiki za kila aina, nyingine zikiwa na namba za Kenya, wenyewe wakiwa wameingilia Namanga. Rafiki wa bandarini alikutana na watu wenye vyombo kama chake na hatukumwona tena hadi usiku. Nami nilifurahi kumsikia akiwaeleza kwamba alikuja kwa kilomita 75 kwa saa na kwamba kwa mara ya kwanza aliuona mto Pangani.

Asubuhi yake pikipiki mbili za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, zilikataa kutulia kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kufunguliwa mafuta, zikinguruma na kuzima. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga. Kabureta iliyosetiwa ufukweni huendelea kutoa petroli ya ufukweni, wakati hewa ya kuichoma imepungua, na plagi inatoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Zenye mfumo wa sindano za kunyunyiza petroli zinazoongozwa na kompyuta ziliwaka bila shida, kwa kuwa zina kifaa kinachopima hewa. Nilizipunguzia zile mbili petroli kwenye skrubu ya mchanganyiko, moja robo ya mzunguko, nyingine zaidi kidogo, mpaka mlio ukawa sawa. Kisha nikaandika kiasi hicho kwenye kipande cha plasta na kukibandika chini ya kiti cha kila moja, ili tukishuka tena pwani nizirudishe zilipokuwa, kwa sababu injini iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya mlimani, ikirudi kwenye hewa nzito ya Tanga, huchoma kwa joto kali kupita kiasi.