Antimoni: wanja wa manga, risasi ngumu na dhana nyingine potofu

Wapo watu hapa Arusha wanaoamini kwamba wanja wa manga unaouzwa Soko la Kilombero ndiyo antimoni yenyewe. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inashikilia. Wanja wa kale ulisagwa kutokana na stibinaiti, jiwe la kijivu linalong'aa ambamo atomi mbili za antimoni zimeungana na tatu za salfa. Jiwe hilo ni laini, na kibanzi chake chembamba huyeyuka hata kwenye mwali wa mshumaa. Antimoni tupu ni kitu kingine: ni elementi namba 51, yenye alama Sb kutokana na jina la Kilatini stibium, nyeupe kama fedha, na haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 630 za Selsiasi. Isitoshe, wanja mwingi wa siku hizi ni galena, yaani salfaidi ya risasi, kwa hiyo mzazi anayempaka mtoto wake akidhani ni antimoni huenda anampaka risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto.

Wengine huichukulia antimoni kuwa aina ya risasi. Chukua chubwi la risasi la mvuvi ulikunje kwa koleo: litakunjika bila kelele. Kipande cha antimoni ukikigonga kwa nyundo hupasuka na kuonyesha nyuso bapa zinazometa, kwa sababu ni nusu metali, na umeme hupita ndani yake kwa shida, takriban mara 25 zaidi kuliko katika shaba.

Mafundi betri huichanganya na risasi ili risasi iwe ngumu zaidi. Hapa ndipo watu hukosea hesabu, wakidhani kwamba kitu kinachoyeyuka kwa nyuzi 630, kikitiwa kwenye risasi inayoyeyuka kwa nyuzi 327, lazima kiufanye mchanganyiko uhitaji moto mkali zaidi. Kinyume chake ndicho hutokea: antimoni ikifika kama asilimia 11, mchanganyiko huyeyuka kwa takriban nyuzi 252 tu. Antimoni hiyohiyo huchochea maji kugawanyika kuwa gesi wakati betri inachajiwa, na hilo ndilo linalomlazimu mwenye gari kununua maji ya betri mara kwa mara, ilhali katika zile ziitwazo betri kavu nafasi yake kwa kawaida huchukuliwa na kalisi. (Kavu kwa jina tu, maana asidi imo ndani.)

Husemwa pia kwamba antimoni haiungui. Katika hewa ya kawaida hubaki iking'aa, na asidi hidrokloriki peke yake haiiyeyushi, lakini ikipashwa moto sana huwaka na kutoa moshi mweupe wa oksidi.

Kuhusu sumu, ni kweli kwamba misombo yake mingi hudhuru. Hata hivyo sodiamu stiboglukoneti, dawa yenye antimoni, bado hutumika kutibu kala-azar, ugonjwa hatari wa vimelea, Afrika Mashariki, kwa dozi inayosimamiwa na daktari.